Maji Moto ya Wafuaji wa Reykjavik

Wahandisi wakisimulia habari za mabomba ya maji moto ya Reykjavik, huanzia mwaka 1930. Mimi huanzia kwa wanawake waliobeba nguo chafu mgongoni. Kazi yangu ni ya visima vya mvuke, Olkaria, Kenya, na nilipokuwa Iceland nikisomea jotoardhi nilipenda kwenda bonde la Laugardalur, walikokuwa wakifua.

Kutoka mjini ni kama kilomita 3. Wanawake wale walikwenda kwa miguu hata wakati wa theluji, na mwaka 1885 baraza la mji likaamua wachongewe barabara. Ndiyo Laugavegur, mtaa wa maduka wa leo. Chemchemi zenyewe zilikuwa hatari. Wapo walioteleza wakatumbukia, wakaungua hadi kufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mfereji wa kufulia ukawekewa vyuma vilivyopinda juu yake, mfuaji apate kuinama bila kuangukia majini. Vyuma hivyo vipo hadi leo. Nilivishika, nikaona jinsi mkono wa mfuaji ulivyokuwa karibu na maji yanayochemka, na kwangu hayo ndiyo mabomba ya kwanza ya mji ule.

Mwaka 1928 walianza kuchimba visima papo hapo penye dobi. Wakapata lita 14 kwa sekunde, maji ya nyuzijoto 87. Mwaka 1930 bomba likafika shule ya Austurbæjarskóli, kisha hospitali na makumi ya nyumba. Mji uliobaki uliendelea kuvuta moshi wa makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli.

Maji ya kuutosha mji yalikuwa Reykir, mbali zaidi. Kazi ilikuwa tayari imeanza wakati Ujerumani ilipoivamia Denmark Aprili 1940, na vifaa vilivyotegemewa kutoka huko vikakwama. Mji haukukata tamaa. Tarehe 30 Novemba 1943 maji ya Reykir yaliingia katika nyumba ya kwanza, makumbusho ya mchonga sanamu Einar Jónsson. Bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 1970, mabomba yakatandazwa hadi miji jirani.

Kituo cha jotoardhi cha Nesjavellir ndiko kulikonifunza zaidi. Maji ya visima vya kule yana madini mengi, ukiyapitisha moja kwa moja mabomba yataziba. Kwa hiyo mvuke na maji hayo hupasha maji baridi ya ardhini, nayo ndiyo hupelekwa mjini, kilomita 27, yakipoteza nyuzijoto 2 hivi tu njiani. Joto lilianza kwenda mjini mwaka 1990. Tabo za umeme zilikuja 1998: mvuke ukazungusha tabo kwanza, kisha joto linalobaki likaendelea na kazi yake ya kupasha maji. Kwenye kilima cha Öskjuhlíð yalijengwa matangi 6, kila moja la lita milioni 4. Watu wote wanapofungua mabomba asubuhi ya baridi kali, akiba ile ndiyo huziba pengo, na urefu wa kilima huyasukuma maji hadi majumbani.

Sisi Olkaria tulianza na umeme, megawati 15 mwaka 1981, na maji moto mengi yanayotengwa na mvuke tunayarudisha ardhini. Ni sawa kuyarudisha, hifadhi ya chini inahitaji maji. Lakini joto lake tungeweza kulitumia kwanza. Shamba la maua la Oserian limekwisha kupasha vibanda vyake vya kukuzia maua kwa jotoardhi. Kule Eburru, mvuke umekausha pareto tangu enzi za ukoloni, na wenyeji wanaupoza wapate maji ya kunywa. Sihitaji kuwatandazia watu wa Naivasha joto la kupasha sebule. Nataka bomba la kukaushia mahindi na la kuchemshia maziwa, na wa kwanza kuulizwa lipite wapi wawe hao wa Eburru, ambao wanautumia mvuke kila siku bila kungoja mhandisi.