Mpanda Ngazi Hushuka: Kisa cha Emin Pasha na Mji wa Bagamoyo

  

Wazee wetu wa pwani walisema: mpanda ngazi hushuka. Leo tutakitazama kisa cha mtu aliyepanda ngazi ya cheo kwa muda wa miaka 25, kisha akaanguka, kwa kiwiliwili chake hasa, katika mji wa Bagamoyo. Hatukusudii kumcheka maiti. Tunakusudia kujiuliza ni kitu gani kinachomshika mtu anapokuwa juu.

Mtu huyo alizaliwa mwaka 1840 katika mji wa Oppeln, ambao siku hizi umo katika nchi ya Poland, naye aliitwa Eduard Schnitzer. Wazazi wake walikuwa Mayahudi. Baba alipofariki, mama aliolewa na Mkristo, na mtoto akabatizwa. Alisomea udaktari, lakini hakupata ruhusa ya kuifanya kazi hiyo kwao. Basi mwaka 1864 akaondoka kwenda kutafuta riziki katika dola ya Waturuki. Huko akawa tabibu, akajifunza lugha nyingi kwa wepesi wa ajabu, na hatimaye akaingia katika nyumba ya liwali mmoja, Ismail Hakki Pasha. Akajipa jina la Kiislamu, huku akiwaandikia jamaa zake kwamba alichobadili ni jina tu.

Liwali yule alipokufa mwaka 1873, mtu wetu alimchukua mjane pamoja na watoto, akaenda nao kwao Ujerumani, akawaambia watu kuwa huyo ni mkewe. Mwaka 1875 akatoka bila ya kuaga, akawaacha katika nchi ya ugeni. Mwisho wa mwaka huohuo akatokea Khartoum, akijiita Mehmed Emin. Na Emin, ndugu zetu, ndilo jina letu la Amini, yaani mtu anayewekwa amana.

Gordon, aliyelitawala jimbo la Ikweta kusini mwa Sudani kwa niaba ya Misri, alimfanya tabibu mkuu wake. Mwaka 1878 akawa gavana wa jimbo lote, kisha akapata cheo cha bey, na baadaye cha pasha. Haki yake tusimnyime. Alikuwa mtu wa kazi, aliwapinga wateka watumwa, na alikusanya ndege na mimea na habari za lugha za nchi ile kwa uangalifu ambao wataalamu wameusifu.

Mwaka 1881 Mahdi alisimama, na Januari 1885 Khartoum ikatekwa na Gordon akauawa. Emin akabaki peke yake kusini, njia zimefungwa. Wazungu wakamfanya shujaa, na mwaka 1887 Stanley akatumwa kwenda kumwokoa. Alipita Unguja akaandika wapagazi na askari zaidi ya 600. Wengi wao hawakurudi. Njaa, maradhi na mishale ya msitu wa Ituri viliwamaliza. Wake zao walingoja pwani, wengine wasijue kaburi liko wapi. Na Agosti 1888 askari wa Emin mwenyewe walimwasi, wakamtia kizuizini.

Tarehe 4 Desemba 1889 msafara ulifika Bagamoyo. Mji ulikuwa bado na majeraha ya vita vya Abushiri bin Salim, ambaye siku kumi na moja baadaye alinyongwa Pangani. Wissmann, mkuu wa majeshi ya Wajerumani, aliwaandalia wageni karamu ghorofani. Watu wakala, wakanywa, wakasifiana. Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu mno, akaondoka mezani, akapita mahali palipokuwa wazi juu, akaanguka chini hadi njiani. Wakamkuta hana fahamu, na fuvu limevunjika. Majuma mengi alilazwa hospitali papo hapo Bagamoyo.

Alipopona hakutulia. Aliwaacha waliomleta, akaingia katika utumishi wa Wajerumani, akarudi bara Aprili 1890, akajenga kituo cha Bukoba. Mwaka 1891 aliwaasi na hao pia, akaingia Kongo bila ya idhini. Ndui iliwashika watu wake. Hapo aliwarudisha wazima, akabaki na wagonjwa, na jambo hilo tunamhesabia kwa wema. Oktoba 1892, karibu kipofu, aliuawa huko kwa amri ya Kibonge.

Tutazame basi. Kila alipopanda daraja moja, aliliacha la chini likiwa na watu waliomtegemea. Waturuki, Wamisri, Waingereza na Wajerumani, wote walipata kusema kwamba Emin ni wao, na hakuna aliyekuwa wake. Jina la mwaminifu alilichukua siku moja. Uaminifu wenyewe hauchukuliwi hivyo.

Na katika mji huohuo alikuwako kijana aliyeletwa utumwani kutoka Manyema. Hakuwa na ukoo wa kujivunia wala cheo. Alikaa chini mbele ya walimu, akasoma, akafundisha, akawa khalifa wa Kadiria, na mwaka 1916 akafanywa liwali wa Bagamoyo. Huyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Alipofariki mwaka 1931 aliacha madrasa na wanafunzi, na watu wa mji walijua amewatoka mtu wao. Naye alipanda. Lakini alipanda na watu wake, wala hakuificha asili yake.

Ndugu zetu, kutaka kuinuka si dhambi. Kila mmoja wetu ajiulize anapopata kazi kubwa au jina kubwa: ni nani aliyenibebea mzigo mpaka nikafika hapa, na je, nimemlipa haki yake? Mke tuliyemwacha kijijini, mzee aliyeuza mnazi ili tusome, hao ndio amana yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu kwa vitendo kabla ya majina, na awarehemu wale wote waliofia njiani bila ya kujulikana. Amin.