Kipozauongo: nani anadanganya, kidonge au tabibu?

Kiswahili kina maneno mengi yaliyoundwa kwa kuunganisha kitenzi na nomino: kipimajoto, kipazasauti, kifunguakinywa. Katika yote hayo, nomino ya mwisho ndiyo inayotendwa. Joto hupimwa, sauti hupazwa, kinywa hufunguliwa. Kisha likaja neno kipozauongo, istilahi ya plasebo, yaani tiba isiyo na dawa ndani, na kanuni ikapinda. Kwa mpangilio ule ule lingepaswa kutaja kitu kinachopoza uongo, kana kwamba uongo ni homa. Lililokusudiwa ni kitu kinachopoza kwa njia ya uongo. Sarufi ningeisamehe, lugha hai hupinda. Kinachonisumbua ni hilo neno uongo, maana limetoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa.

Plasebo yenyewe ni kitenzi cha Kilatini, maana yake “nitapendeza”. Kilitoka kwenye Zaburi na kufungua sala za jioni za kuwaombea wafu katika Ulaya ya zama za kati. Baadaye kikawa jina la mtu wa kujipendekeza. Mshairi Mwingereza Chaucer alimpa jina hilo mhusika wake mmoja, bingwa wa kusifia kila anachosema mkubwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 kilikuwa kimeshaingia kwenye kamusi za tiba za Uingereza, kwa maana ya dawa inayotolewa ili mgonjwa aridhike kuliko ili apone. Mwaka 1807 Thomas Jefferson, akiwa rais wa Marekani, aliandika barua akimtaja daktari hodari aliyekiri kwamba vidonge vya mkate, matone ya maji ya rangi na unga wa majivu alivitumia kuliko dawa nyingine zote pamoja. Jefferson aliuona huo kuwa ulaghai wa nia njema.

Kidonge cha sukari au sindano ya maji ya chumvi havisemi kitu. Anayesema ni anayevitoa. Chukua mfano ambao kila aliyefanya kazi zahanati ataukubali. Bibi kaja, mwili mzima unamuuma. Kapimwa malaria, hana. Presha iko sawa. Kaambiwa apumzike. Haondoki. “Mjukuu wangu, nimetoka mbali, hata sindano moja?” Tabibu anavuta vitamini kwenye bomba: “Hii ni kali, bibi, leo utalala.” Na kweli bibi analala.

Nafuu hiyo si ya kujisingizia. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwachunguza watu waliotoka kung'olewa meno. Waliopata nafuu kwa plasebo walipopewa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya afyuni mwilini, maumivu yalirudi. Inaelekea ubongo wao ulikuwa ukitengeneza kituliza maumivu chake wenyewe. Uvimbe wa saratani, hata hivyo, hausinyai kwa imani ya namna hiyo. Plasebo hugusa zaidi yale mgonjwa anayoyahisi na kuyasimulia: maumivu, kichefuchefu, uchovu.

Basi tabibu alikuwa na haki ya kudanganya? Mwaka 1797 mwanafalsafa Immanuel Kant alishikilia kwamba hata muuaji akibisha hodi kumsaka rafiki uliyemficha, huna haki ya kumwambia uongo. Wengi tungemdanganya bila kupepesa macho, nami ningekuwa wa kwanza. Lakini kesi ya muuaji haimsaidii tabibu. Muuaji kaja kwa ubaya. Bibi kaja kwa sababu anaamini. Tena uongo wa zahanati una mkia. Mwezi ujao bibi atataka sindano nyingine, na mtoto wa jirani mwenye mafua atapelekwa kuchomwa naye. Wengine hutuliza watu kwa antibiotiki, na hapo usugu wa vijidudu tunaulipia sote.

Utetezi mkuu ulikuwa kwamba bila uongo hakuna nafuu. Mwaka 2010 mtafiti Ted Kaptchuk na wenzake waliutikisa. Wagonjwa 80 wa tumbo linalosokota na kuvuruga choo waligawanywa makundi mawili. Moja likapewa vidonge na kuambiwa waziwazi kwamba ndani hamna dawa. Baada ya wiki tatu asilimia 59 ya kundi hilo walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 35 ya wasiopewa kidonge. Ni utafiti mdogo, na waliambiwa pia kwamba plasebo huweza kusaidia sana. Hata hivyo, kumbe kinaweza kupoza bila uongo.

Kwenye majaribio ya dawa hali ni nyingine. Mshiriki huambiwa mapema kwamba mgawanyo ni kama kurusha shilingi, na hata anayemhudumia hajui kapata kipi. Kufichwa kitu ulichokubali kufichwa si kudanganywa. Angalia jaribio la PETRA, lililoanza 1996 Tanzania, Uganda na Afrika Kusini, kutafuta tiba fupi ya kuzuia mama asimwambukize mtoto VVU. Baadhi ya akina mama walipewa plasebo, ingawa tangu 1994 ilijulikana kwamba tiba ndefu ya dawa ya AZT hushusha maambukizi hayo kutoka asilimia 25.5 hadi 8.3. Watetezi wa majaribio ya aina hiyo walisema tiba ile ndefu na ghali haikuwapo Afrika. Wapinzani wakajibu kwamba umaskini si ruhusa. Kundi la plasebo lilisitishwa mapema 1998. Mimi niko karibu zaidi na wapinzani. Lakini shtaka lao lilihusu haki, ilhali istilahi yetu inatutuma kulitafuta kosa kwenye uongo.

Kipozauongo nisingelitupa: linaifaa ile sindano ya bibi. Kwa makala za sayansi plasebo inatosha. Kwa fomu ya ridhaa ningeandika “kidonge kinachofanana na dawa ila hakina dawa ndani”. Ni maneno mengi, lakini aliyeishia darasa la saba anayaelewa. “Dawa bandia”, ambayo wengine huipendekeza, haifai kabisa. Hilo ni jina la bidhaa ya matapeli, ile inayokamatwa madukani na kuteketezwa. Mama akiisikia kabla hajatia dole gumba, atachukua kanga yake na kuondoka, na simlaumu.