9mm ama .45? Swali la mjomba lilinipeleka hadi Ufilipino

Wiki mbili zilizopita mjomba alinipigia simu saa tatu usiku. Huyu ndiye mjomba aliyenilipia karo ya chuo mihula minne kabla sijaacha, kwa hivyo jina lake likitokea kwa simu huwa najua kuna kesi. Lakini safari hii hakuniuliza nitarudi darasani lini. Aliniuliza hivi: "Kijana, si wewe ndiye husoma historia za vita huko kwa mtandao? Hebu niambie. Nikinunua bastola, nichukue naini mili ama fotifaivu?"

Ngoja niwape picha kamili. Desemba iliyopita vijana watatu waliingia kwa duka lake la hadiweya jioni wakifunga, wakamlaza chini yeye na mama anayemsaidia, wakabeba pesa zote. Hakuna aliyeumia. Lakini mjomba tangu siku hiyo analala taa ikiwaka. Sasa ameanza safari ya kuomba leseni, na kuna mzee wa kijiweni amemwambia 9mm ni ya kufukuza paka, mwanaume kamili anabeba .45.

Nilimwambia anipe siku chache. Ilikuwa mara ya kwanza mjomba kuniuliza kitu kama mtu mzima, na sikutaka kumjibu upuzi.

Wacha tuanze na hesabu. Kaliba ni upana wa risasi, basi. 9mm ni milimita 9. Nambari .45 ni sehemu ya inchi, na risasi yake ukiipima inakuja karibu milimita 11.5. Tofauti ni milimita 2 na nusu, kama unene wa njiti ya kiberiti. Watu wamegombana juu ya hiyo njiti kwa zaidi ya miaka 120, na ugomvi ulianza mbali sana na hapa.

Mwaka wa 1898 Marekani iliipiga Uhispania, na kwa mkataba wa mwisho ikalipa dola milioni 20 ikachukua Ufilipino. Wenyewe wa nchi hawakuulizwa. Vita na Wafilipino vikaanza 1899, na kule kusini, kwa Wamoro ambao ni Waislamu wa Mindanao na visiwa vya Sulu, mapigano yaliendelea hadi 1913. Maafisa wa Marekani walikuwa wamebeba revolva za .38. Ripoti zikaanza kurudi nyumbani: unampiga mtu risasi mbili, tatu, nne, na bado anakuja na panga mkononi mpaka akufikie.

Jeshi likasema shida ni risasi, ni ndogo. Revolva za zamani za .45 zikatolewa stoo zikapelekwa huko. Kuhusu hao watu waliokuwa wakikimbilia mtutu wa bunduki, hadithi iliyopendwa ni kwamba walikuwa wendawazimu ama wamelewa dawa. Wachache waliona jambo la wazi, kwamba mtu anayepigana mlangoni kwake, na ameshakubali kufa, haanguki kwa sababu ya maumivu.

Kisha 1904 jeshi likaamua kupima. Afisa John Thompson (ndiye yule ambaye baadaye jina lake lilipewa ile bunduki ya magengi) na daktari wa jeshi Louis LaGarde walienda kwa machinjio ya Chicago. Wakapiga ng'ombe hai kwa kaliba tofauti, wakapiga na maiti za watu kuona mifupa inavunjikaje. Ni kazi ya kutisha hata kusoma. Kuna ng'ombe waliopigwa risasi nyingi wakabaki wamesimama, mpaka wakamalizwa kwa nyundo. Mwisho ripoti ikasema bastola ya jeshi isiwe chini ya .45.

Oktoba 1905, kwa kisiwa cha Samar, mfungwa anayeitwa Antonio Caspi alijaribu kutoroka. Alipigwa risasi nne za .38 kwa karibu na hakuanguka. Kilichomwangusha ni kitako cha bunduki kwa paji la uso. LaGarde aliandika kisa hicho, na mpaka leo wapenzi wa .45 hukitaja kama aya. Kumbukeni huo ndio mwaka Maji Maji ilianza kule Tanganyika, watu wakiamini dawa itageuza risasi kuwa maji. Upande mmoja wa dunia watu waliomba risasi isiwaue. Upande mwingine waliolenga walilalamika kwamba haiui vya kutosha.

Mwaka wa 1911 jeshi la Marekani likachukua bastola ya John Browning ya .45, na ikakaa kazini hadi 1985. Hapo ndipo sifa ya .45 ilipojengwa.

Sasa, kuna sehemu ya ile ripoti ya 1904 ambayo mzee wa kijiweni hajawahi kusikia. Thompson na LaGarde walisema pia kwamba sehemu kubwa ya mwili wa mtu ukiipiga hakuna matumaini ya kumsimamisha papo hapo, na kwa hivyo wanajeshi wafundishwe kulenga bila kuchoka. Yaani dawa walizoandika zilikuwa mbili, risasi kubwa na mazoezi. Jeshi na mashabiki wakashika ile ya kwanza. Kaliba unaweza kuinunua kwa siku moja. Mkono unaolenga haununuliki.

Sogea miaka 80 mbele.

Tarehe 11 Aprili 1986, Miami. Maafisa 8 wa FBI wanasimamisha gari la majambazi wawili, Michael Platt na William Matix. Platt ana bunduki ndefu. Inapigwa vita ya dakika chache tu, risasi zaidi ya 100. Mapema kabisa afisa Jerry Dove anampiga Platt kwa 9mm: risasi inapita mkono, inaingia kifuani, inasimama kama sentimita 2 na nusu kabla ya moyo. Platt ni kama maiti inayotembea, lakini hajui. Anaendelea kupiga. Anamuua Dove na mwenzake Benjamin Grogan, na wengine 5 wanajeruhiwa. Alipokuja kukaguliwa, Platt alikuwa amepigwa mara 12.

FBI ikauliza swali lile lile la Ufilipino, ikajibu vile vile: risasi ni ndogo.

Kwa haki yao, safari hii walichunguza vizuri zaidi. Waliwaita wataalamu, wakapiga risasi kwa jeli ngumu inayofanana na nyama, wakaweka kipimo: risasi nzuri lazima iingie angalau inchi 12, yaani sentimita 30. Na ripoti yao ya 1989 iliua hadithi nyingi. Ile nguvu ya kumrusha mtu nyuma mnayoona kwa muvi haipo. Fikiria tu, kama risasi ingeweza kumrusha anayepigwa, teke lake lingemrusha na anayepiga. Risasi ya bastola inatoboa shimo, na inasimamisha mtu papo hapo ikigusa ubongo ama uti wa mgongo. Hata moyo ukipasuliwa kabisa, ubongo unabaki na oksijeni ya kutosha sekunde 10 hadi 15. Soma hiyo tena. Mtu ambaye tayari ameshakufa anaweza kukupiga risasi kwa sekunde 15.

Lakini wakaenda dukani tena. Walinunua bastola za 10mm. Teke likawa kali kwa maafisa wengi, risasi ikabidi ipunguzwe nguvu. Kutoka kwa hiyo iliyopunguzwa ikazaliwa .40 mwaka wa 1990, na vituo vya polisi vya Marekani vikaikimbilia kama mkate wa moto. Miaka 20 na kitu baadaye, 2014, kitengo cha mafunzo cha FBI kikaandika kwa nini warudi kwa 9mm, na wakarudi. Risasi za kisasa zinachanua ncha zikigonga, na kwa ile jeli 9mm, .40 na .45 hazina tofauti ya maana. Lakini 9mm ina teke dogo, inaingia nyingi zaidi kwa magazini, na maafisa wengi wanaipiga haraka na kwa usahihi zaidi. Halafu wakaweka nambari moja iliyonifanya nifunge laptopu nikatembea kidogo: polisi wakiwa kwa mapigano ya kweli hukosa kati ya asilimia 70 na 80 ya risasi wanazopiga.

Na pale Miami mnajua nani alimaliza vita? Afisa Edmundo Mireles, mkono mmoja umevunjwa na risasi, alijikokota hadi kwa gari akawapiga wale wawili kwa revolva. Ndani yake kulikuwa na risasi za .38. Huyu ni ndugu wa ile .38 iliyotukanwa Ufilipino, na upana wake uko karibu sawa na 9mm. Tofauti ni pale ilipotua.

Jumapili nikaenda kwa mjomba. Nilimwambia kama ni lazima, basi 9mm, kwa sababu mkono wake wa kulia unamuuma viungo na .45 itamtesa. Halafu nikamuuliza amewahi kupiga bastola mara ngapi.

"Sijawahi."

Nikamwambia ile nambari. Hao ni watu wa kazi, wanalipwa kufanya mazoezi, na kwa risasi 10 zinapotea 7 ama 8. Nikamwomba aangalie ukuta wa nyuma wa duka. Ni mabati. Nyuma ya mabati ni saluni, na saa moja jioni wasichana wanasukwa hapo. Njiti ya kiberiti haina maana kwa hilo bati, zote mbili zinapita. Halafu wale vijana walikuwa watatu na yeye alikuwa amelala chini. Nikamwambia habari ya sekunde 15.

Alinyamaza. Mama wa duka aliyekuwa akihesabu misumari naye akaacha kuhesabu.

"Sasa wewe ungefanya nini?" mjomba akauliza.

Sikujifanya shujaa. Mimi sijawahi kulazwa chini na mtu mwenye silaha, na sitamwambia mtu wa rika lake asiogope. Nilimwambia ningeanza na grili ya mlango, na kufunga saa kumi na mbili, na kutokaa na pesa za siku nzima kwa droo. Halafu, kama bado nataka bastola, ningetafuta mwalimu wa shabaha kabla ya kutafuta duka, nilipie miezi ya mazoezi, na nijiulize mwisho wa hiyo miezi kama naweza kupiga mtu nikijua saluni iko wapi.

Akanicheki kwa muda, akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu Desemba.

"Kwa hivyo umekuja mpaka hapa kuniambia nilipe karo tena."

Nikamwambia ndiyo. Ila safari hii mwanafunzi ni yeye, na tafadhali asiache katikati.