Maradhi Yasiyopiga Hodi: Habari za Moyo na Presha katika Nchi ya Rungwe

Mji wa Tukuyu umekaa juu ya mgongo wa nchi, kimo cha mita 1,500 hivi toka usawa wa bahari, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Wadachi walioujenga mwanzoni mwa karne ya 20 waliuita Neu Langenburg. Waingereza walipoishika nchi wakauita Tukuyu. Ndani ya mji huo, mahali paitwapo Makandana, ndipo ilipo hospitali ya serikali ya Wilaya ya Rungwe, nayo hujulikana kwa watu kwa jina la mahali pale. Nia yetu hapa ni kueleza jinsi maradhi ya moyo na ya shinikizo la damu yalivyoingia katika historia ya nchi hii, na kwa nini hospitali za namna ya Makandana zimepata taabu kuyashika.

Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Utabibu wa Kizungu uliokuja katika zama hizo, wa misheni na wa serikali, ulikuwa utabibu wa jeraha, wa homa, wa uzazi na wa maradhi ya kuambukiza. Mgonjwa alikuja kwa sababu aliumwa. Akatibiwa, akapona akaenda zake, au akafa. Hospitali ilijengwa kwa mwendo huo: kitanda, dawa, ruhusa ya kurudi nyumbani. Isipokuwa kwa wenye ukoma na wenye kifua kikuu, hapakuwa na fikira ya mtu kuwa mgonjwa wa hospitali maisha yake yote huku akilima shamba lake kama kawaida.

Nao wenyeji walikuwa na elimu yao juu ya maradhi. Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu cha Monica kilichotoka mwaka 1951 kimeeleza habari ya ile iliyoitwa pumzi ya watu. Mtu akivunja desturi, majirani wakanung'unika, pumzi ya manung'uniko yao yaweza kumpoza na kumletea ugonjwa; na katika dawa zake, moja ilikuwa kupatana. Wako wasomi waliolicheka jambo hili. Mimi sioni la kuchekwa. Elimu hiyo ilijibu swali ambalo hospitali hailijibu, yaani ni nani na kwa sababu gani. Lakini yafaa kuona pia kwamba ilihitaji ugonjwa ujionyeshe kwanza. Mtu asiyeumwa hana sababu ya kuuliza nani kamnung'unikia.

Na presha haijionyeshi. Yaweza kukaa mwilini miaka kumi, mwenyewe akipanda vilima vya Rungwe na mkungu wa ndizi kichwani, na huku mishipa inakakamaa, moyo unatanuka, na figo zinaharibika. Dalili ya kwanza kwa wengi ni kiharusi, nacho kikimwangusha mtu ghafula shambani, watu wengi, wa pwani kwa wa bara, walidhani ni kazi ya shetani au ya adui. Maradhi haya hujulikana kwa chombo tu. Chombo chenyewe si cha zamani sana: ule mfuko wa mpira unaofungwa mkononi ulibuniwa na Riva-Rocci, tabibu wa Italia, mwaka 1896, na Korotkoff wa Urusi akafundisha mwaka 1905 namna ya kusikiliza sauti ya mshipa chini yake.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wanahistoria wa utabibu wamelishindania: je, wazee wetu walikuwa na presha? Mwaka 1929 daktari mmoja wa Kiingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi upande wa Kisii nchini Kenya, alitangaza kwamba amewapima watu wapatao 1,000 na kuona kwamba damu yao haikupanda nguvu kwa uzee kama ilivyokuwa Ulaya. Nchini Uganda, mwaka 1956, Trowell na mwenzake waliona ni jambo la kuandikwa katika jarida la utabibu kwamba Mwafrika mmoja amepatikana na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kutokana na habari za namna hii ilizaliwa imani kwamba Mwafrika hana ugonjwa wa moyo, na imani hiyo ikaishi kuliko ushahidi wake. Donnison hakusema kwamba damu ya Mwafrika ni ya namna nyingine; yeye alishuku maisha. Waliomfuata ndio waliogeuza habari ya maisha kuwa habari ya kabila.

Kwamba ni maisha, ilithibitishwa baadaye. Vijana wa Kisamburu walioingia jeshini Kenya walipimwa, na habari zao zikatolewa mwaka 1969: damu yao ilikuwa imepanda kwa chakula cha kambini. Katika miaka ya 1980 wachunguzi waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kukaa Nairobi, wakaona kwamba haikupita hata miezi mingi kabla presha yao haijazidi ile ya ndugu zao waliobaki nyumbani. Mji uliwaongezea chumvi na uzito, ukawapunguzia ile madini ya potasi ipatikanayo katika matunda na mboga.

Msomaji aijuaye Rungwe atatambua mara moja uzito wa maneno hayo. Hii ni nchi ya ndizi, maharage na maziwa, na ndizi ina potasi nyingi. Chumvi ilikuwa kitu cha safari. Ile ya Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, ilichemshwa na kuuzwa kwa karne nyingi, na mtu haipotezi chumvi aliyoifuata kwa miguu. Kisha vijana wakaanza kuondoka. Walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, upande wa Chunya, hasa katika miaka ya 1930. Wakaenda kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na migodi ya Afrika Kusini. Waliorudi walirudi na mabati, baiskeli na mazoea mapya. Baadaye chumvi ya pakiti ikafika katika kila duka, pamoja na mafuta ya kukaangia, na pikipiki ikapanda kilima badala ya miguu. Sisemi kwamba zamani palikuwa peponi, maana watoto walikufa wengi, na aliyekufa mtoto hakupata nafasi ya kuugua presha.

Serikali huru nayo ilipigana na adui aliyemwona. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni mbili walijifunza katika vikundi vijijini habari za malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu. Moyo haukutajwa katika orodha hiyo, wala halikuwa kosa kwa wakati ule. Lakini uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulipofanywa, mtu mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 alionekana ana presha, na wengi wao hawakujua.

Lugha yenyewe imeweka kumbukumbu ya mabadiliko haya. Mgonjwa wa malaria husema ameshikwa na malaria. Ugonjwa ni mgeni aliyekuja, naye ataondoka. Mwenye presha husema, "Nina presha." Ni mali yake. Hata hivyo huyohuyo akimeza vidonge mwezi mmoja na kupimwa akaonekana yuko sawa, huviacha, kwa kuwa ameielewa dawa kwa kanuni ya malaria: ukipona, basi. Istilahi yetu ya "shinikizo la damu" ni nzuri kwa karatasi, ila haimwambii mtu kwamba amekuwa sawa kwa sababu anameza, na akiacha damu itapanda tena kimyakimya.

Kwamba watu wetu wanaweza kumeza dawa maisha yao yote, hilo lilikwisha kuonyeshwa. Tangu mwaka 2004 Tanzania imetoa bure dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na Mkoa wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa iliyoumizwa sana. Kliniki zake zilikuwa na daftari, siku ya kurudi, na mtu wa kumfuata nyumbani aliyekosa. Mwenye presha hakupata vitu hivyo. Uchangiaji wa gharama ulianza mwaka 1993, na ingawa sera imewasamehe wazee wasiojiweza waliotimiza miaka 60, mara nyingi msamaha huo huishia kwenye karatasi ya kununulia dawa duka la nje. Mtu aliyeokolewa na dawa za bure akiwa na miaka 35 aweza kupooza akiwa na miaka 60 kwa kukosa kidonge cha bei ndogo. Hapo naona aibu ya zama zetu kuliko katika uhaba wa mashine kubwa.

Mashine kubwa zimepatikana. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikasimama peke yake mwaka 2015. Kabla yake mgonjwa alipelekwa India au alingoja. Miongoni mwa waliopelekwa walikuwamo vijana wenye vali zilizoharibika. Ubovu huo huanzia kwenye mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa: koo huuma siku chache, viungo vikavimba baadaye, na moyo ukabaki na kovu. Penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, huuzuia. Na mtoto aliyekwisha guswa hupigwa sindano yake kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi.

Toka Makandana hadi Dar es Salaam ni kilomita 900 hivi, kwa kupitia Mbeya. Mfuko wa mpira wa Riva-Rocci uko karibu zaidi, na sindano ya penisilini pia.