Nani Anayesema Intanetini? Kampuni za Mawasiliano na Dai la Uhuru wa Kujieleza

Mwaka 2010, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani (FCC) ilipowakataza watoa huduma za intaneti kuzuia tovuti halali, kampuni ya Verizon ilikwenda mahakamani na hoja nzito. Ilidai kwamba kupitisha mawasiliano ya wateja ni namna ya kujieleza, kwamba ina hiari ya uhariri kama gazeti, na kwamba kanuni hizo zinavunja Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kujieleza. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Washington ilizifuta kanuni za msingi kwa sababu za mipaka ya mamlaka ya tume, ikaliacha dai hilo bila kuliamua. Kwa maoni yangu halina mashiko, na ushahidi mkubwa dhidi yake umetoka kwa kampuni zenyewe.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998 humkinga mtoa huduma asidaiwe fidia kwa kazi za wizi zinazopita kwenye nyaya zake, kwa sharti kwamba hachagui kinachopita wala hakibadilishi. Kampuni za muziki zilipoitaka Verizon hiyohiyo iwataje wateja waliokuwa wakigawana nyimbo, ilijitetea kuwa yenyewe ni njia ya kupitishia tu, na mwaka 2003 mahakama hiyohiyo ikaikubalia. Mhariri wa gazeti hana kinga ya namna hiyo. Akichapisha kashfa hujibu mahakamani, kwa kuwa alisoma akachagua. Hiari yake na dhima yake haziachani, na anayeitaka ya kwanza sharti aibebe ya pili.

Tazama pia jinsi kampuni zilivyochagua cha kupitisha. Mwaka 2007 shirika la habari la Associated Press lilijaribu kupakua Biblia ya King James kwa BitTorrent, programu ya kugawana mafaili, kupitia mtandao wa mtoa huduma mwingine, Comcast. Katikati ya mawasiliano, kila kompyuta ilipokea ujumbe wa kukata, ulioghushiwa uonekane umetoka kwa mwenzake. Ujumbe huo ulitumwa na mitambo ya Comcast. Hapakuwa na msomaji aliyeambiwa lolote, wala maoni yoyote yaliyotolewa. Msemaji hujitokeza na neno lake. Hapa kampuni ilijificha nyuma ya jina la mteja.

Hoja bora ya upande wa pili aliitoa Jaji Brett Kavanaugh wa mahakama hiyohiyo ya rufaa mwaka 2017, katika kesi ya kanuni mpya ambazo tume ilitunga baada ya zile za awali kufutwa, akiegemea kesi ya Turner ya mwaka 1994 iliyotambua kampuni za televisheni ya kebo kuwa wasemaji. Lakini kampuni ya kebo huchagua chaneli na kuziuza kama kifurushi chake. Mteja wa intaneti hununua uwezo wa kufika atakako mwenyewe. Wapo pia wanaohofia serikali kuingiza mkono katika maudhui, na hofu hiyo naiheshimu. Majaji wenzake Srinivasan na Tatel waliijibu vizuri: kampuni iliyotangaza waziwazi kwamba inauza intaneti iliyochujwa, kwa mfano kwa familia zenye watoto, haikubanwa na kanuni hizo. Kilichokatazwa kilikuwa kuahidi njia yote, kisha kuifunga nusu.

Dai hili la kujieleza limekwisha kuvuka usawa wa mtandao, yaani kanuni za kutozuia tovuti. Jimbo la Maine lilipotunga sheria mwaka 2019 ya kuwataka watoa huduma wapate ridhaa ya mteja kabla ya kuuza historia ya tovuti alizotembelea, vyama vya kampuni hizo vilikwenda tena mahakamani kwa jina la uhuru wa kujieleza. Safari hii maneno waliyodai kuwa yao yalikuwa nyendo za wateja wao.