Foleni ya mtandaoni: Je, zamu isiyoonekana italinda haki ya mkazi wa Isiolo?

WAHENGA walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa miaka mingi usemi huo umekuwa ndiyo sheria ya foleni: anayetaka huduma sharti afike, asimame nyuma ya aliyemtangulia na kungoja hadi aitwe. Akiondoka, nafasi yake imekwenda.

Teknolojia ya simu imeupa changamoto usemi huo. Leo mtu anaweza kuchukua nambari ya zamu akiwa nyumbani, akaendelea na shughuli zake na kufika wakati wake unapokaribia. Huo ndio mfumo unaoitwa foleni ya mtandaoni. Mtu hayupo, ila lake lipo.

Mfumo huo ulipata umaarufu katika viwanja vikubwa vya burudani vya Marekani. Isiolo haina viwanja vya aina hiyo, lakini ina foleni, na suala linalojadiliwa huko ng'ambo linaihusu moja kwa moja: je, foleni ya watu waliosimama iondolewe kabisa, na nafasi yake ichukuliwe na zamu ya kwenye simu?

Ulikoanzia

Mwaka wa 1999, viwanja vya Disney vilivyoko Florida vilianzisha utaratibu wa FastPass. Mgeni alipewa tiketi yenye saa ya kurudi, akaenda kula au kutazama michezo mingine badala ya kusimama juani. Huduma hiyo ilikuwa ya bure kwa kila aliyelipa kiingilio.

Mnamo Mei 2017, uwanja wa michezo ya maji wa Volcano Bay, pia wa Florida, ulikwenda hatua zaidi. Kila mgeni alivishwa kikuku cha kielektroniki cha kuwekea zamu, na mtu hakuruhusiwa kushika zaidi ya zamu moja kwa wakati mmoja.

Yaliyofuata yana mafunzo mawili. Kwanza, FastPass ya bure haikudumu. Ilisitishwa viwanja vilipofungwa mwaka wa 2020 kutokana na janga la Covid-19, na mnamo Oktoba 2021 nafasi yake katika viwanja vya Florida ikachukuliwa na utaratibu wa kulipia. Zamu iliyokuwa haki ya kila mgeni ikawa bidhaa.

Pili, wenye viwanja wenyewe hawakuishikilia foleni ya mtandaoni kila mahali. Mchezo wa Rise of the Resistance ulipofunguliwa Florida mnamo Desemba 2019, zamu zake zilitolewa kwa simu na aghalabu zilimalizika muda mfupi baada ya kutangazwa. Asiyekuwa mwepesi wa vidole alikosa siku nzima. Kufikia Septemba 2021, mchezo huo ulikuwa umerejeshewa foleni ya kawaida.

Hesabu ya kungoja

Elimu ya foleni si ngeni. Mtaalamu wa hisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alichapisha utafiti wake wa kwanza kuhusu msongamano wa simu mwaka wa 1909, na kazi yake ikawa msingi wa hesabu zinazotumiwa hadi sasa.

Hesabu hizo zinafundisha jambo rahisi. Chukua ofisi yenye dawati moja linalohudumia watu 10 kwa saa. Watu 80 wakifika saa mbili asubuhi, wa mwisho atamalizana na karani saa kumi jioni, hata kama hakutakuwa na mapumziko ya mchana. Wakipewa nambari kwa simu, bado wa mwisho atahudumiwa saa kumi. Lakini dawati la pili likifunguliwa, wote watakuwa wamehudumiwa kufikia saa sita mchana.

Kwa hivyo foleni ya mtandaoni haipunguzi kazi iliyoko mezani, wala haiongezi makarani. Inachobadilisha ni mahali pa kungojea. Hilo si jambo dogo kwa mama mwenye mtoto mgongoni au mzee asiyeweza kusimama kwa saa nyingi, ila halipaswi kutumiwa kuficha uhaba wa wahudumu.

Hatari iko hapo. Foleni inayozunguka jengo ni ushahidi. Mpita njia huiona, mwandishi wa habari huipiga picha, na mkubwa wa ofisi huona aibu. Watu 80 wanaongoja majumbani hawaonekani na yeyote.

Hali ya Isiolo

Kaunti ya Isiolo ina ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 25,000. Katika sensa ya mwaka wa 2019, ilikuwa na wakazi 268,002. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru ni miongoni mwa jamii zinazoishi humo, na wengi wa wakazi wa mashinani ni wafugaji. Mkazi wa Merti au Garbatulla husafiri zaidi ya kilomita 100 kufika mjini Isiolo.

Tangu kituo cha kwanza cha Huduma kizinduliwe jijini Nairobi mnamo Novemba 2013, vituo hivyo vimefunguliwa katika kaunti zote, Isiolo ikiwemo. Mtandao wa eCitizen ulianza mwaka wa 2014, na mnamo Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa zimewekwa humo.

Kwa anayetoka mbali, faida ya zamu ya simu ni bayana. Akijua siku na saa yake kabla ya kuondoka nyumbani, hatalipa nauli na malazi bure, wala hataambiwa arudi kesho ilhali kesho yake ni safari nyingine ya siku nzima. Kwa hakika, mkazi wa Merti anaihitaji foleni ya mtandaoni kuliko mtalii wa Florida.

Hata hivyo, huyo anayeihitaji zaidi ndiye aliye na njia chache zaidi za kuifikia. Mtalii wa Florida amekwisha kulipa kiingilio, yumo ndani ya ua mmoja na wenzake, na ana simu yenye intaneti. Mfugaji aliyefuata malisho huenda ana simu ya kabambe, mtandao unapatikana juu ya kilima tu, na betri huchajiwa mara moja kwa siku kadhaa. Asiyejua kusoma hulazimika kumlipa kijana wa saiba amjazie fomu. Hapo foleni haijaondolewa. Imehamishwa kutoka mlango wa serikali hadi mlango wa saiba, na sasa inalipiwa.

Isitoshe, mitambo huzimika. Mwishoni mwa Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi, na serikali ikakiri shambulio hilo. Waliotegemea huduma zake walikwama. Ofisi isiyo na daftari la akiba haina foleni siku kama hiyo.

Watu wa kaskazini wanaijua vyema foleni isiyoonekana. Kwa miongo mingi, vijana wengi wa jamii za huko walioomba vitambulisho walipitia upigaji msasa wa ziada, na wengine walingoja kwa muda mrefu bila kujua wako nafasi ya ngapi. Mnamo Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitia saini amri ya kuondoa utaratibu huo. Kungoja kusiko na mstari ni rahisi kusahauliwa na walio madarakani.

Zamu ya kisimani

Jambo la kutia moyo ni kwamba zamu ya kutosimama foleni si ngeni Isiolo. Miongoni mwa Waborana, kisima cha pamoja huwa na msimamizi aitwaye aba herega, yaani baba wa zamu. Mifugo yote haisongamani kisimani siku moja. Kila kundi hupewa siku na nafasi yake, na wakati wa kiangazi ng'ombe wanaweza kunyweshwa kila siku ya tatu. Kabla ya siku hiyo kundi hubaki malishoni.

Hiyo ni foleni ya mbali, iliyokuwako kabla ya simu. Inafanya kazi kwa sababu zamu hutangazwa mbele ya watu, msimamizi anajulikana kwa jina na kwa sura, na mwenye lalamiko ana baraza la wazee la kupeleka lalamiko lake. Si mfumo wa usawa kamili, maana ukoo na mchango wa mtu katika kazi ya kisima huzingatiwa. Lakini kanuni zake zinajulikana na wote, hata na anayewekwa nyuma.

Funzo la mlolongo

Wala si kweli kwamba foleni ya kuonekana ni ya haki daima. Wakenya wangali wanaukumbuka mlolongo wa mwaka wa 1988, wapiga kura walipopanga mistari nyuma ya wawakilishi wa wagombeaji katika mchujo wa chama cha KANU. Kila mtu aliiona mistari, na bado malalamiko yakaenea kwamba waliokuwa na mistari mifupi walitangazwa washindi. Utaratibu huo uliondolewa mwaka wa 1990.

Macho pekee hayatoshi, basi. Panahitajika hesabu inayoweza kukaguliwa na mtu wa kuwajibika. Katika foleni ya kawaida, anayepenya mbele kwa kitu kidogo huzomewa. Katika foleni ya mtandaoni, nambari yaweza kubadilishwa na mtu mmoja aliye nyuma ya kompyuta, na asiwepo wa kuzomea.

Masharti ya haki

Kutokana na hayo, jibu lenye busara si kuifuta foleni ya watu waliosimama, bali kuipa mwenza. Sehemu ya nafasi za kila siku itengewe wanaofika bila miadi. Zamu itolewe pia kwa msimbo mfupi wa simu usiohitaji intaneti, kama *147# unaotumiwa kujisajili kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na ofisi ya chifu iruhusiwe kumwekea nafasi asiye na simu.

Orodha ya nambari ibandikwe mlangoni ili kila mmoja ajue nani anafuata. Aliyechelewa kwa sababu ya mvua au gari kuharibika apewe muda wa kusamehewa badala ya kurudishwa mwisho. Daftari la karatasi liwe tayari mitambo inapozimika. Zaidi ya yote, zamu ya huduma ya umma isiuzwe kamwe, na afisa anayeisimamia ajulikane kwa jina, kama aba herega anavyojulikana kisimani.

Bila masharti hayo, foleni itatoweka machoni pa wakubwa, na mfugaji wa Merti ataendelea kungoja.