Ukuta Nilioupaka Chokaa

Katika miaka yangu yote ya ualimu, kosa la kuchora ukutani nililiadhibu bila kusita. Chuoni tulikosomea ualimu tulifundishwa kwamba ukuta safi ni dalili ya shule yenye nidhamu, nami somo hilo nililishika barabara.

Mwaka 1987, nikiwa mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni, kijana wa kidato cha pili alichora kwa mkaa kwenye ukuta wa bwalo. Alichora sahani ya maharagwe iliyojaa wadudu, na kando yake mzee mnene mwenye miwani. Miwani ile ilikuwa yangu. Nilimchapa viboko vinne, nikampa ndoo ya chokaa, akaufuta mchoro wake mwenyewe. Maharagwe yaliendelea kuwa yale yale hadi mwisho wa muhula.

Kisa hicho nilikuwa nimekwisha kukisahau hadi nilipokwenda Nairobi kumtembelea binti yangu. Mjukuu wangu alinipeleka mjini, lakini kituoni alikataa tusipande gari la kwanza. "Babu, tungoje nganya," akasema. Ndivyo vijana wanavyoiita matatu iliyorembwa. Ilipofika, nilisimama nikiikodolea macho kama mtoto: nyuso za wanamuziki na wanasoka, herufi zilizopindwapindwa, rangi juu ya rangi. Nakiri kwamba niliifurahia.

Tukiwa njiani nilimsimulia asili yake. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu. Magari yakawa mengi, ushindani ukapamba moto, na mapambo yakawa njia ya kumvuta abiria. Februari 2004 kanuni mpya zilidai mstari wa manjano ubavuni mwa kila matatu, na michoro ikafifia. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliwatetea vijana wanaopata riziki kwa kazi hiyo, nayo ikashamiri upya.

Lakini mjukuu wangu alijua mambo nisiyoyajua mimi. Alinieleza kwamba wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mchoraji Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, alizunguka Kibera akiandika maneno ya amani kwenye kuta na milango. Akanieleza pia kuhusu Februari 2012, Boniface Mwangi na wachoraji wenzake walipochora usiku, katikati ya jiji, mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi aliyeketi juu ya wananchi. Asubuhi watu waliokuwa wakienda kazini walisimama kutazama. Malalamiko ambayo kila mmoja aliyanung'unika nyumbani kwake sasa yalikuwa mbele ya macho ya wote.

Hapo ndipo nilipoyakumbuka maharagwe.

"Je, Babu, zamani watu walichora kutani?" akaniuliza. Nikamweleza habari za Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593. Humo ndani askari na mabaharia wao walichora meli, samaki na watu kwenye lipu. Mwaka 1698 ngome ilitekwa na Waomani, na utawala wa Wareno mjini humo ukavunjika. Leo ngome ni makumbusho, michoro ile inatunzwa kwa uangalifu, na watu hulipa kiingilio kwenda kuiona. Mimi mwenyewe niliwahi kuwapeleka wanafunzi huko, nikawaamuru wanakili meli zile katika madaftari yao. Haikunipitikia hata kidogo kwamba nilikuwa nikiwasifia kosa lile lile nililolichapia viboko shuleni.

Simaanishi kwamba kila ukuta ugeuzwe ubao. Mtu aliyejinyima akapaka nyumba yake rangi ana haki ya kuiona imebaki safi, na matusi hayawi sanaa kwa kuwa yameandikwa kwa rangi nzuri. Hata hivyo, mara nyingi anayechora ukutani ni yule asiyepewa nafasi ya kusema mahali pengine. Kijana yule hakuwa na kikao cha kuhudhuria wala barua ambayo ningeisoma. Alikuwa na kipande cha mkaa.

Ningekuwa mwalimu mkuu leo, ningeanzia jikoni nikague gunia la maharagwe. Suala la ukuta lingengoja.